Fundi wa Kinoo Anajibu: Kilo 10.5 za Kaboni au Kilo 13 za Alumini?

Mwezi huu barua karibu zote ni za baiskeli za milimani. Ya kwanza nimeiachia nafasi kubwa, kwa kuwa swali lake ndilo linaloletwa karakanani kwangu na kila mtu aliyezoea kupanda Tigoni na Ngong na sasa anataka kubadilisha chuma. Nyingine nimezijibu kwa kadiri zilivyohitaji.

SWALI

Fundi, pokea salamu kutoka Uthiru. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41 na uzito wa kilo 70. Naendesha baiskeli ya mitumba iliyotoka Uingereza: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 26, shoki ya springi mbele tu, gia 27, uzito wa kilo 14. Jumamosi tunatoka kikundi, tunapitia Kikuyu hadi Limuru, tunaingia mashamba ya chai ya Tigoni, tunarudi kupitia Banana na Ruaka. Wiki nyingine tunaenda msitu wa Karura au vilima vya Ngong. Nikirudi nyumbani kiuno kinauma, na Jumatatu nasimama darasani nimeegemea meza.

Nimejiwekea akiba ya shilingi 350,000 kwenye sacco na nataka baiskeli nyepesi ya krosi kantri, yaani ya njia za milimani na msituni za kupanda na kushuka, yenye shoki mbele na nyuma. Nimepata mbili. Moja iko Ujerumani kwa mtu binafsi, fremu ya nyuzi za kaboni, imetumika miaka mitano, kilo 10.5, naye anataka kama shilingi 300,000. Ya pili ni mpya, iko dukani hapa Nairobi, fremu ya alumini, kilo 13, shilingi 310,000. Wenzangu wawili wanasema nisinunue yoyote kwa sababu shoki ya nyuma inakula nguvu mlimani. Wa tatu anasema nikichukua ya kilo 13 nitakuwa nimenunua kilo moja tu kwa pesa zote hizo. Nifanye nini?

Mwalimu, Uthiru

JIBU

Mwalimu, salamu nimezipokea, na pole kwa kiuno.

Nianze na hao wenzako wawili. Hawakudanganyi, ila habari wanazokupa ni za zamani. Shoki za nyuma za miaka ya tisini zilikuwa zinabonyea kila mguu ukikanyaga pedali, na mtu aliyekuwa akipanda mlima alijiona anapanda na kushuka papo hapo. Mbio za krosi kantri ziliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta, na kwa muda mrefu baada ya hapo washindi walibaki na fremu ngumu nyuma. Mfaransa Julien Absalon alichukua dhahabu Athens 2004 na Beijing 2008 bila shoki ya nyuma. Lakini Rio 2016 Mswisi Nino Schurter alishinda na shoki mbili, na Mwingereza Tom Pidcock akashinda na shoki mbili Tokyo, akarudia Paris 2024. Hawa ni watu wanaopima hata uzito wa boliti. Kama shoki ya nyuma ingewapotezea sekunde mlimani, wangeiacha nyumbani.

Kilichobadilika ni mahali pa egemeo, pale sehemu ya nyuma ya fremu inapojipinda. Ukikanyaga, cheni inalivuta gurudumu la nyuma. Egemeo likiwa mahali pake, mvuto huo wa cheni wenyewe unaizuia shoki isizame. Juu ya hapo, baiskeli nyingi za aina hii zina kitufe kwenye usukani: unakibonyeza, shoki zinakazika kwa ajili ya lami au mlima laini, unakiachia, zinafanya kazi tena. Ukitoka Kikuyu kwenda Limuru kwa lami, funga. Ukiingia kwenye chai, fungua uache.

Na mlimani kwenyewe shoki ya nyuma inakupa kitu ambacho wenzako hawajakihesabu. Ile njia ya matrekta kati ya chai, yenye mifereji ya mvua na mawe yaliyojitokeza, inalirusha tairi la nyuma. Tairi lililo hewani halisukumi kitu. Kwenye fremu ngumu unalazimika kuinuka kitini kila penye shimo, na ukiinuka uzito unaondoka nyuma, tairi linateleza. Ukiwa na shoki unabaki umekaa, unakanyaga moja kwa moja, na mshiko unabaki chini. Karura, kwenye mizizi, utaliona hilo siku ya kwanza. Kwa hiyo shoki mbili, ndiyo, bila wasiwasi. Kwa mtu anayepanda Tigoni kila Jumamosi akiwa na kiuno kinachouma, siioni kama anasa.

Hata hivyo, kabla hujatoa shilingi hata moja, kikague kiuno chenyewe kwa baiskeli uliyo nayo. Baiskeli nyingi za inchi 26 zilizokuja kwa mitumba zina stemu (kile kipande kinachoshikilia usukani) ndefu, ya milimita 100 na zaidi, na usukani mwembamba ulio chini. Zinamvuta mtu mbele hadi kiuno kibebe kazi ya tumbo. Weka stemu fupi iliyoinuka kidogo. Kiti kiwe kwenye kimo ambacho kisigino kikikanyaga pedali iliyo chini kabisa mguu unanyooka. Kisha punguza upepo: watu wanajaza tairi hadi lisibonyee kabisa, halafu wanashangaa kila jiwe likiwafikia mgongoni. Kiuno kikipona kwa hayo, utanunua baiskeli mpya kwa raha ya kuipanda, na hutainunua kama dawa. Kikiendelea kuuma, muone daktari wa mifupa, maana shoki hupunguza mtikisiko tu.

Sasa uzito, na hapa ndipo nina neno na rafiki yako wa tatu. Mlimani unachobeba ni jumla: wewe, baiskeli, maji, vifaa. Kilo 70, na 14 za baiskeli yako ya sasa, na tuseme 3 za maji na vifaa, ni kilo 87. Ile ya Ujerumani inakupunguzia kilo 3.5, yaani asilimia 4. Mlima unaokuchukua nusu saa utaupanda kwa sekunde kama 70 pungufu kwa nguvu zile zile. Ile ya dukani inapunguza kilo 1, ambayo ni sekunde 20 hivi. Tofauti kati ya hizo mbili ni chini ya dakika moja katika nusu saa ya kupanda, na kwenye tambarare haionekani karibu kabisa, kwa kuwa huko unapigana na upepo. Kama unashindana kutafuta nafasi, dakika moja ni kubwa sana. Kama unapanda na wenzako na mnasubiriana juu mlimani, dakika moja ni ya kunywa maji.

Wala rafiki yako asihesabu kilo peke yake, kwa sababu baiskeli ya leo si ile yako iliyopunguzwa uzito. Magurudumu ni ya inchi 29, yanavuka shimo ambalo la 26 linazamia. Pembe ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imelala zaidi: zamani nyuzi 70 au 71, leo 67 au 68, na ndiyo sababu ukiteremka kutoka minara ya upepo ya Ngong usukani hautakuchezea mikononi. Fremu imerefushwa mbele na stemu imefupishwa, kwa hiyo unakaa katikati ya magurudumu badala ya kuning'inia juu ya la mbele. Nikilazimishwa nichague kati ya umbo hilo na kilo mbili, nachukua umbo.

Hiyo ya Ujerumani inanitia hofu kwa mambo manne, na nayataja kwa uzito ninaoyapa.

La kwanza ni kwamba shilingi 300,000 si bei yake. Kuna usafirishaji, kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 16 inayotozwa juu ya bei pamoja na nauli na ushuru wenyewe, kuna ada za uagizaji. Akiba yako itakwisha kabla baiskeli haijatoka uwanja wa ndege wa JKIA.

La pili ni kaboni yenyewe. Kaboni nzuri hudumu miaka mingi, siiogopi. Ninachoogopa ni kaboni ambayo sijaishika. Nyufa hujificha chini ya ekseli ya pedali, kwenye bomba la nyuma lililopigwa na cheni, na karibu na maegemeo. Ukiigonga kwa sarafu polepole, mahali pazima panatoa mlio mkali na palipopasuka panatoa mlio wa kufa. Picha ya simu haiwezi kugongwa kwa sarafu. Na dhamana ya fremu kwa kampuni nyingi ni ya mnunuzi wa kwanza tu.

La tatu: shoki iliyotumika miaka mitano. Watengenezaji wa shoki RockShox, kwa mfano, wanataka mafuta ya miguu ya foku yabadilishwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Wewe ukiendesha saa nne kila Jumamosi, hiyo ni kila miezi mitatu. Muulize muuzaji ilifanyiwa huduma lini, na akijibu kwamba haijawahi kusumbua, jua haijawahi kufunguliwa. Mkwaruzo mmoja kwenye ule mguu unaong'aa wa shoki unakula sili, ule mpira unaozuia upepo na mafuta, sili inaachia upepo, na kipuri hicho hutakikuta River Road.

La nne ni hanga, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia dereila ya nyuma, ile mashine inayohamisha cheni kutoka gia hadi gia. Kimetengenezwa kipinde au kivunjike ili fremu ipone, na kwenye mawe ya Ngong kitavunjika siku moja. Zamani kila fremu ilikuwa na hanga ya kwake, na nimeona baiskeli nzuri sana zikining'inia ukutani wiki nzima nzima zikisubiri kipande cha ukubwa wa kidole gumba kutoka ng'ambo. Mwaka 2019 kampuni ya vipuri ya SRAM ilileta hanga ya aina moja ambayo kampuni nyingi zimeikubali. Ya miaka mitano huenda inayo, huenda haina. Uliza.

Ushauri wangu, Mwalimu, ni ile ya dukani, kwa masharti. Kwanza iwe saizi yako kweli, wala usikubali kuambiwa kwamba kiti kitashushwa. Pili iwe na hanga hiyo ya aina moja. Tatu, ekseli ya pedali iwe ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu, isiwe ya kushindiliwa. Za kushindiliwa hulia vumbi likiingia, na kuzitoa kunataka zana ambazo mafundi wengi wa mitaani hawana. Nne, shoki ziwe za upepo, mbele na nyuma. Ya springi haiwezi kurekebishwa kwa uzito wako bila kubadilisha springi yenyewe.

Usilipe kabla ya kuipanda, na usiipande kabla hawajaiwekea upepo wa kilo 70. Baiskeli nzuri iliyowekewa upepo wa mtu wa kilo 100 utaiona mbovu. Tafuta mwinuko, keti, panda ukiwa gia nyepesi kabisa, shoki ikiwa wazi, na uitazame inafanya nini chini yako. Ikitikisika kidogo, ni sawa. Ikizama na kuinuka kwa kila mguu, ondoka.

Gia zitakushtua, kwa hiyo nikuandae. Kwenye gurudumu la nyuma una kaseti (rundo la gia) ya meno 11 hadi 34, na mbele, penye pedali, sproketi (visahani vya meno) tatu za 22, 32 na 44. Mpya itakuwa na sproketi moja tu mbele na kaseti ya gia 12 yenye meno 10 hadi 51. Leo, kwa gia yako nyepesi kabisa, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 1.34. Mpya ikiwa na sproketi ya meno 32, itakusogeza mita 1.44, kwa sababu gurudumu la 29 lina mzingo mkubwa. Yaani gia yake nyepesi ni nzito kuliko uliyoizoea! Waambie wakufungie ya meno 30; utapata mita 1.35, ile ile ya magoti yako. Utakachopoteza ni mwendo wa juu. Ukiteremka Waiyaki Way kuelekea Kangemi miguu itazunguka hadi isipate kitu cha kusukuma. Acha baiskeli iserereke.

Usitegemee kuhamisha vipuri kutoka ya zamani. Nafasi ya ekseli ya nyuma yako ni milimita 135, mpya ni 148. Ya mbele ilikuwa 100, leo ni 110. Shingo ya foku sasa ni nene chini. Kitakachohama ni pedali na kiti. Kwa hiyo iache mzee huyo akiwa mzima, na umuuze hivyo au umpe kijana wa shule yenu anayetaka kujifunza.

Shilingi 40,000 zinazobaki usizirudishe sacco. Nunua pampu ya shoki, hanga ya akiba, cheni ya akiba, pedi za breki za aina yako, dawa ya kuziba pancha, na sili za huduma ya kwanza ya foku. Ukiona zimebaki bado, weka matairi bora. Hapo usitafute wepesi: tairi jembamba la mashindano linapasuka ubavuni kwenye mawe ya Ngong, na utashuka kwa miguu hadi Kona Baridi. Na huko Ngong nendeni kikundi pamoja na askari wa msitu, hasa mkiwa na baiskeli zinazovutia macho.

SWALI

Habari Fundi. Nimepata baiskeli yenye shoki mbili mwezi uliopita, matairi ya tyublesi, yasiyo na tyubu ndani. Huku kwetu mvua ikinyesha udongo mweusi unajaza magurudumu hadi yanakataa kuzunguka, na kiangazi miiba ya migunga inanimaliza. Je, tyublesi inafaa huku au nirudishe tyubu?

Mama wa Magurudumu, Syokimau

JIBU

Dada, usirudishe tyubu. Kwa miiba ya huko hakuna kitu bora kuliko tyublesi, mradi ndani kuna dawa ya kuziba pancha ya kutosha. Dawa hukauka, na kwenye joto la nyanda za Athi hukauka upesi. Kila miezi miwili hivi fungua valvu, chovya kijiti kikavu; kikitoka hakina umajimaji, ongeza. Watu wengi wanaolalamika kwamba tyublesi haifai wanaendesha matairi yaliyo makavu ndani.

Mwiba ukiingia, uchomoe, zungusha gurudumu ili tundu liwe chini, subiri dawa ifike hapo. Tundu likiwa kubwa, tia uzi wa mpira wa kuziba. Na bado ubebe tyubu moja mkobani kwa ajili ya tairi lililopasuka. Ukilazimika kuitia, kwanza pitisha vidole kwa uangalifu ndani ya tairi lote, kwa sababu miiba ya zamani iliyozibwa na dawa bado imesimama humo ikiisubiri tyubu.

Udongo mweusi ni jambo jingine, na kwa baiskeli ya shoki mbili ni jambo la hatari. Nafasi kati ya tairi na fremu nyuma ni finyu. Udongo ule unashikana na majani, unakuwa donge, donge linaivuta dereila ndani ya spoku. Gurudumu likianza kukataa, shuka. Usilikanyagie. Anayelikanyagia anavunja hanga, dereila na spoku kwa pamoja, na hiyo ni pesa ya gari. Ibebe begani hadi kwenye majani, futa kwa kijiti. Tairi la upana wa inchi 2.25 litakuachia nafasi zaidi kuliko la 2.4, na Aprili ningelifunga hilo.

Ukifika nyumbani, tafadhali usiipeleke inapooshwa magari. Ile bomba ya presha inasukuma maji na mchanga ndani ya beringi za maegemeo, na beringi hizo ndizo moyo wa baiskeli yako. Ndoo, brashi laini, sabuni ya vyombo. Ikauke, kisha tia mafuta cheni.

Ombi moja kwa wote wanaokwenda Karura baada ya mvua: njia ikiwa laini hadi tairi linaacha mfereji, geuzeni mfuate barabara ngumu za murramu. Mfereji mmoja wa tairi ndio maji ya mvua inayofuata yanaupitia, na kufika Juni njia imekuwa korongo. Msitu ule Wangari Maathai na wenzake waliupigania hadi kupigwa mwaka 1999. Tunaweza kusubiri siku mbili ukauke.

SWALI

Fundi, mimi nina kilo 92. Baiskeli yangu mpya ya krosi kantri inagonga mwisho wa shoki ya nyuma kwenye kila tuta. Fundi wa mtaani aliijaza kwa pampu ya tairi, na kwenye kituo cha petroli pia tumejaribu, lakini bado. Je, shoki ni mbovu?

Baba Wawili, Donholm

JIBU

Baba Wawili, shoki yako ina njaa ya upepo tu, haina ubaya. Chumba chake ni kidogo mno na presha yake ni kubwa kuliko ya tairi lolote. Wengi huanza kwa kuweka psi (kipimo cha presha kinachosomwa kwenye geji) sawa na uzito wa mpandaji kwa ratili. Kilo 92 ni ratili 203, basi uanze na psi 200 hivi, halafu urekebishe. Pampu ya tairi haifiki hapo salama, na ya kituo cha petroli ikiondolewa kwenye valvu inatoka na nusu ya ulichotia. Nunua pampu ya shoki, ndogo, yenye geji na bomba la kujifunga. Kabla ya kuitumia soma kiwango cha juu kabisa kilichoandikwa kwenye shoki na usikivuke.

Kisha pima inavyozama. Kwenye mguu wa shoki kuna pete ya mpira. Vaa nguo zako za kuendeshea, jaza maji kwenye mkoba, acha shoki wazi, egemea ukuta, keti taratibu bila kuruka. Sukuma pete hadi kwenye sili, shuka taratibu, pima pete imesogea kiasi gani. Baiskeli za krosi kantri zinataka robo ya mwendo wa shoki (umbali wote inaoweza kuzama), au pungufu kidogo. Mwendo wa shoki yako ukiwa milimita 45, pete isogee kama 11. Ikisogea 16, ongeza psi 10, upime tena. Ikisogea 6, punguza. Foku ya mbele ya milimita 120 izame kama 20 hadi 24.

Ukimaliza upepo, rekebisha kasi ya shoki kurudi, ile skrubu nyekundu kwenye shoki nyingi. Teremka kwenye ukingo wa barabara ukiwa umekaa: baiskeli irudi mara moja na kutulia. Ikikurusha, punguza kasi. Ikibaki chini kwenye matuta yanayofuatana, iongeze. Kwa mtu mwenye uzito wako upepo ni mwingi, kwa hiyo shoki inarudi kwa nguvu, na utahitaji kuifunga skrubu hiyo zaidi kuliko walivyoiacha dukani. Ukifanya yote haya na bado inagonga mwisho, ndani ya shoki kuna nafasi ya vipande vya plastiki vya kupunguza chumba cha upepo. Mpelekee fundi anayezijua shoki aongeze kimoja.

SWALI

Naomba jibu fupi. Naweza kufunga foku ya milimita 140 kwenye fremu iliyotengenezewa 100?

Kijana wa Kasarani

JIBU

Hapana. Mbele itainuka, kiti kitarudi nyuma, mlimani gurudumu la mbele litanyanyuka, na shingo ya fremu itabeba mzigo ambao haikujengewa. Inaweza kuvunjika ukiwa unateremka. Tafuta 100, au 120 kama mtengenezaji wa fremu ameiruhusu kwa maandishi.

SWALI

Fundi, nina shilingi 90,000. Nimeona mjini baiskeli mpya yenye shoki mbili kwa shilingi 45,000, na nyingine ya shoki ya mbele tu kwa 85,000. Mbona yenye shoki moja ni ghali kuliko yenye mbili? Nataka kuanza mbio za milimani.

Msichana wa Rongai

JIBU

Binti yangu, nunua yenye shoki moja, wala usirudi kuitazama ile nyingine.

Shoki ya nyuma ya bei hiyo ni springi ya chuma isiyo na mafuta ndani ya kuituliza. Inakurusha. Maegemeo yake yanazunguka kwenye vipande vya plastiki badala ya beringi, na baada ya msimu mmoja wa vumbi la Rongai gurudumu la nyuma linayumba huku na huku. Uzito wake unafika kilo 17 au 18, mara nyingi breki zake ni za waya, na hakuna kipuri cha shoki hiyo popote. Pesa iliyotakiwa kwenda kwenye fremu, breki na magurudumu imekwenda kwenye shoki ambayo ni ya kutazamwa.

Kwa 85,000 angalia vitu hivi: breki za disiki za mafuta, foku ya upepo yenye kitufe cha kuifunga, ekseli nene za kupenyeza badala ya zile nyembamba za kukaza kwa mkono, na sproketi moja mbele. Ukivipata vyote vinne umepata baiskeli ya kuanzia mbio, na fremu ya namna hiyo inastahili kuboreshwa kidogo kidogo. Uliza pia breki zinatumia mafuta gani. Za Shimano ni mafuta ya madini, na baadhi za SRAM ni DOT kama ya gari. Usikubali fundi yeyote akuchanganyie, hata tone, maana sili za ndani zitavimba na breki itakufa.

Kwa fremu ngumu utajifunza kuchagua njia, kuinuka kitini kwa wakati, na kuachia magoti yafanye kazi ya shoki. Anza Karura asubuhi za wiki, watu wakiwa wachache. Ukishazoea, panda Ngong na kikundi. Na ukifikiria zile mbio za kuteremka Mlima Kenya, niandikie kwanza, tuzikague breki zako.